Sahihi ya Sita

Masouda aliikuta karatasi ndani ya sanduku la marehemu baba yake, akaisoma mara mbili. Yalikuwa mapatano ya wenye nyumba tisa za kichochoro chao cha Maskati: kisima kiwe cha wote, mtu asijenge njiani, wala asifungue dirisha la kuchungulia ua wa jirani. Muda wake miaka ishirini. Yangeweza kuendelezwa iwapo wenye nyumba sita watatia sahihi mbele ya kadhi kabla ya Mfungo Nne mosi, mwanzo wa Muharram, mwaka huo wa 1970. Zilibaki siku kumi na moja.

Sasa alifahamu kwa nini Thabit, mfanyabiashara aliyekwisha kununua nyumba tatu kati ya hizo, alikuwa akipimapima kichochoro kwa kamba. Alitaka kujenga ghala, na kisima kibaki ndani ya ukuta wake.

Masouda akabisha hodi nyumba hadi nyumba. Watatu walikubali. Mahbuba, jirani yake wa ukuta mmoja, alisita.

"Thabit kaniambia nisijitie katika mambo haya."

"Na maji utateka wapi?"

"Haya, nnakuja kwa kadhi," alisema Mahbuba mwishowe.

Jioni ile Thabit alimsimamisha Masouda njiani.

"Wewe umekuja juzi tu kutoka Unguja, na mabegi mawili. Mtaa huu unakuhusu nini?"

"Huko nimetolewa nyumbani kwangu na watu wenye bunduki," alijibu Masouda. "Wewe huna hata fimbo."

Pamoja na Masouda mwenyewe, waliokubali walikuwa watano. Wa sita, mzee Mahfoudh, alikuwa amehamia kijiji cha Yiti kwa binti yake. Masouda na Amur, kaka yake wa mama mmoja, baba mbali, walikwenda kwa punda, kupitia njia za milimani. Walimkuta mzee kalala, miguu imevimba.

"Thabit keshaleta mtu mara mbili, anataka kuinunua nyumba yangu," alisema.

"Ukimuuzia, sina la kukwambia. Ni yako. Lakini kama hujauza, nnataka sahihi yako, na lazima itiwe mbele ya kadhi."

Binti yake akasema baba hawezi safari. Mzee alimtazama binti, kisha akamtazama Masouda.

"Kisima kile nimekichimba mimi na baba yako," alisema. "Nifungeni juu ya punda."

Njiani waliteremka kila baada ya muda kumnyoosha miguu. Hakulalamika hata mara moja.

Mbele ya kadhi, Thabit alisimama. "Huyu mwanamke hakuwemo katika mapatano. Aliyetia sahihi ni baba yake."

Kadhi akaisogeza karatasi karibu na macho. "Imeandikwa mwenye nyumba. Nyumba ni ya nani?"

"Yangu, kwa mirathi," alisema Masouda, akamwekea hati mezani.

Mahfoudh alitia sahihi wa mwisho, huku Amur akimshika bega. Kadhi akahesabu: sita. Akatamka kwamba mapatano yanaendelea miaka ishirini mingine, na yanazifunga nyumba zote tisa, zikiwemo zile tatu.

Thabit aliondoka bila ya kuaga. Mwaka mzima hakumsalimu Masouda. Masouda alimpa salamu kila asubuhi, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, na kwa kuwa salamu ni wajibu kuijibu, Thabit alilazimika kuijibu.