Kisu chenye Mkia

“Nipe maji,” alisema Chande.

Bishar, mwenye duka, aliinua macho kutoka kwenye mizani yake. “Maji? Wewe nataka kununua kisu ama nataka kutawadha?”

“Nataka kisu. Wewe lete maji tu.”

Bishar alicheka mpaka kofia ikamteleza, lakini birika akalileta. Chande akajimiminia mikononi mpaka matone yakamchuruzika viwikoni, kisha akaokota kisu cha kwanza kati ya vile vitatu vilivyopangwa juu ya gunia la sukari. Waliokuwa dukani wakatazamana. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu anunue kisu na mikono imelowa. Garsen nzima ilikwishajua.

Kazi ya Chande ilikuwa kuvusha ng'ombe. Usiidharau. Kundi likitoka bara kufuata majani ya kiangazi kule chini karibu na bahari, lazima livuke Tana, na ng'ombe akiingia majini akili humruka. Mmoja hugeuka, wengine humfuata, na kabla hujatema mate wote wamezongana katikati ya mto. Ndipo huhitajika mtu mwenye mtumbwi wa kuambaa ubavuni mwao, anayewapigia kelele, anayewasukuma kwa upondo, na anayejua mamba wanalala wapi. Tena mtu huyo lazima awe na kisu. Ng'ombe akivunjika au akinywa maji ya kumuua, wa mtumbwini ndiye wa kwanza kumfikia. Akimchinja kabla roho haijatoka, ni nyama. Akichelewa kidogo tu, ni nyamafu, na nyamafu hailiwi na Mwislamu hata awe na njaa ya namna gani.

Kiangazi kilichopita mtamba wa Mzee Dagane aligonga kisiki, mguu ukakatika kama muwa. Chande alimfikia mapema, wallahi alimfikia mapema! Akatoa kisu chake cha kukunja, kikuukuu, mikono inadondoka maji, ukucha ukateleza. Akajaribu tena, ukateleza. Akajaribu kwa meno. Makali yalipofunguka, mtamba alikuwa amekwisha kukata roho, macho yamemtoka, na shahamu yote ile ya mvua za masika ikawa ya mamba na tai.

Dagane hakumtukana. Alisema tu, kwa sauti ya chini, “Chande, kisu yako ni nyamafu.” Watu wakacheka. Jioni ile ile jina likahama kutoka kwenye kisu likamwingia mwenye kisu. Chande Nyamafu. Alikuwa mtu wa juu ya mto, wa upande wa Madogo, aliyeoa hapa na kuhamia hapa, na katika miaka yote hiyo Garsen haikuwahi kumpa jina. Sasa ilimpa hilo. Hata mkewe, Tuneya, alipokwenda kuteka maji, aliitwa mke wa Nyamafu. Alirudi siku hiyo na mtungi nusu, akaingia ndani, akalia, na Chande akakaa nje mpaka giza likaingia.

Na leo, baada ya adhuhuri, kundi la Dagane lilikuwa linavuka tena. Mzee alikwishatuma neno: kama kisu ni kile kile, atamwita Buya wa Chara, mvushaji mwingine.

Kisu cha kwanza kilikuwa na mpini mwekundu unaong'aa kama peremende. Kizuri cha kutazama. Chande alikivuta kwa vidole vilivyolowa na kisu kizima kikamponyoka kikaingia kwenye mchele.

“Hiyo ni ya bwana harusi,” alisema Sidi, Mgiriama mmoja aliyekuja kununua tumbaku na kusahau kuondoka.

Cha pili kilikuwa na mpini wa pembe, kikafunguka bila taabu. Chande akayashika makali kwenye ncha, akayatikisa. Yakacheza huku na huku kama jino la mtoto. Akakirudisha.

Cha tatu kilikuwa kinene, mpini wake wa mfupa uliochanjwachanjwa, hauleti utelezi. Akatia ukucha. Tak! Springi yake ilikuwa na nguvu za kutisha. Akanyoa malaika ya mkono wake, ngozi ikabaki safi. Akaomba kipande cha kamba, akakilowesha, akakikata kwa mkato mmoja. Moyo ukamwambia, hiki. Shida ni kwamba kisu chenyewe kilikuwa na ukoo mzima tumboni: makali makubwa, makali madogo, kitu cha kufungulia mikebe, msumari, na mgongoni, kimelala peke yake, kijichuma kimoja kilichojisokota.

“Hiki cha nini?”

“Hiyo?” Bishar hakusita hata kidogo. “Hiyo ya kutoa mwiba kwa kwato. Wewe nazungusha, mwiba nakuja yenyewe.”

“Hebu wacha,” alisema Sidi. “Hiyo ya kutoboa ngozi.”

Wakabishana. Chande akakitazama kijichuma, akakigeuza, hakumwamini Bishar wala Sidi, lakini makali yalikuwa makali. Akatoa debe lake la asali aliyoletewa na ndugu zake wa juu, wakabadilishana, na akatoka dukani anatembea kama mtu mwingine.

Furaha yake ilifika mpaka kwa Lydia, basi.

Lydia alikuwa akiuza chai na mahamri njia ya kivukoni. Ujanani alikuwa mpishi wa mzungu mmoja Kipini, na Kiswahili chake kilikuwa bado kina chumvi ya huko. Chande akampa kisu akione. Mama yule akafunua vyuma vyake kimoja kimoja, na alipofika mgongoni akaangua kicheko akajipiga paja.

“Mwanangu Chande! Hiki ni kizibuo! Waona? Wakichoma kwenye kizibo cha chupa ya mvinyo, wazungusha, wavuta, po! Bwana wangu alikuwa nacho. Sisi jikoni tukikiita mkia wa nguruwe, kwa hivi kilivyojipinda.”

Sidi, ambaye alikuwa amemfuata Chande kwa sababu hakuwa na kazi nyingine, akapaliwa na chai.

Mvinyo na nguruwe, kwa pumzi moja! Chande alihisi hamri imekuwa udongo kinywani. “Mama Lydia, sasa nikichinja nacho…?”

“Mimi Mkristo, mwanangu. Waniuliza mimi?”

Alirudi dukani mbio. Asali ilikuwa imekwisha kuondoka na lori la Malindi. Bishar, aliposikia neno mvinyo, akaziba masikio kwa viganja. “Mimi sijui! Mimi sikusikia! Lakini kama moyo yako nasumbuka, osha mara saba, moja na udongo.”

“Hiyo si ya aliyeguswa na nguruwe? Kisu hiki hakikumgusa nguruwe. Kinaitwa tu.”

“Basi usioshe.”

“Lakini mvinyo je?”

“Basi osha.”

Chande akaenda kumtafuta Maalim Mahadi, ambaye angelimaliza jambo hili kwa neno moja. Mlango ulikuwa umefungwa. Maalim alikuwa amekwenda Kipini mazikoni. Pale mlangoni alikutana na Gure, mchungaji wa Dagane, aliyetangulia kuangalia kina cha maji, naye akamwambia chuma ni chuma, chuma haina dini. Hapo moyo wake ukatulia. Kisha akapita mzee mmoja na kumwambia chombo cha haramu huharamisha, na utulivu wote ukaisha. Wote walisema kwa yakini, na kila mmoja alisema lake.

Akashuka mtoni peke yake. Akakiosha kisu mara saba, moja kwa tope, ingawa hakujua anaosha nini. Kisha wazo likamjia: kama ubaya uko mkiani, si uvunjwe mkia? Akakikunjua kile kijichuma, akakilaza juu ya jiwe, akatwanga kwa jiwe jingine. Cheche zikaruka. Akatwanga tena kwa hasira zote za mwaka mzima. Jiwe likapasuka vipande viwili. Kijichuma kilibaki vile vile, kimejisokota, hakina hata alama.

“Lo, kisu kizuri,” alisema Chande, na machozi yakamlengalenga.

Habari, kumbe, zilikuwa zimemtangulia. Sidi alikuwa amemwambia mtu kwamba kisu kina mkia wa nguruwe, na yule akasema si mkia, ni mpini, mfupa wa nguruwe mtupu. Kundi lilipofika ukingoni, vumbi juu na ng'ombe wakilia kwa kiu, Chande alikwishaona watu wawili wakimtazama mfukoni.

Dagane hakuwa na habari. Alisimama na fimbo yake, ndevu nyekundu kwa hina. “Chande. Kisu iko?”

“Kipo, Mzee.”

“Nafunguka?”

“Kinafunguka.”

“Ingia maji.”

Wakaingia. Kundi lilivuka vizuri, vizuri hata Chande akaanza kumwomba Mungu leo asihitajike kabisa. Mwaka mzima alikuwa ameomba nafasi, na sasa aliomba isije. Karibu na ng'ambo, ng'ombe jike mweusi mwenye baka jeupe, yule Dagane aliyempenda kuliko wote, akakanyagwa na wenzake. Akazama, akaibuka, akazama. Chande akamfikia, akamshika pembe, akamburuta na Gure mpaka kwenye tope. Shingo ilikuwa imelegea. Maji yalimtoka puani na pumzi zilikuja moja moja, kwa mbali.

“Kata!” alipiga kelele Dagane kutoka majini. “Chande, kata!”

Mikono imelowa. Akatia ukucha, tak! Ukafunguka mkia. Akaukunja, akavuta tena, kikafunguka cha mikebe. Jicho la ng'ombe lilikuwa linamtazama na linapoteza nuru, na nyuma yake alimsikia mtu akisema, “Nyamafu tena.” Akavuta mara ya tatu. Makali. Wakamgeuza kibla, Chande akasema, “Bismillahi, Allahu Akbar,” akakata mara moja, na damu ikaruka yenye nguvu, ikamlowesha kifuani. Ng'ombe akapiga mateke. Alikuwa hai! Kila mtu aliona kwamba alikuwa hai.

Kwa muda kidogo Chande alikuwa mtu mwenye furaha kupita wote pale mtoni.

Ndipo Gure, kichwa ameinamisha, alipomwendea Dagane na kumnong'oneza kwa Kisomali. Mzee akasikiliza. Akamtazama Chande, akanyoosha mkono. Chande akampa kisu kikiwa na damu.

“Wao nasema hii mfupa ya nguruwe.”

Angeweza kusema hapana, akaishia hapo. Lakini ng'ombe alikuwa wa Dagane na tumbo lilikuwa la Dagane. “Mfupa sijui wa nini, Mzee. Bishar hakuniambia. Nguruwe ni jina tu la hiki kilichojipinda. Mama Lydia anasema wazungu hufungulia chupa za mvinyo. Mimi nilijua nimekwisha kununua.”

Dagane akaukunjua mkia, akaugusa kwa ncha ya kidole. “Hii kisu imewahi kunywa?”

“Hapana, Mzee. Ni kipya.”

“Maalim iko wapi?”

“Kipini.”

Mzee akakuna ndevu zake. Akakipangusa kisu kwenye majani, akakikunja, akakirudisha. Nyama ikakatwa kwa visu vya wengine. Kwa desturi ya pale aliyechinja hupewa shingo, na Dagane mwenyewe aliiweka shingo kwenye mtumbwi wa Chande. Chande alivuka kurudi nyumbani akijiuliza kama amepewa heshima yake au amebebeshwa kitu ambacho mwenyewe hakitaki.

Tuneya hakuitia chunguni. Aliitundika kwenye boriti ya baraza, akafukuza nzi kwa upande wa kanga.

“Baba Kuno,” alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, “tungoje kwanza. Wakila wao, nitapika. Wasipokula…”

Wakakaa kizingitini wakitazama ng'ambo. Moshi ulikuwa unapanda, lakini moshi si habari. Wachungaji huwasha moto hata kwa ajili ya mbu. Chande akatafuta tai angani. Walikuwa wawili, juu sana, wakizunguka, na kwa jinsi alivyokodoa macho hakuweza kujua kama wanashuka au wanakwenda zao. Kisu kilikuwa mkononi. Alikifungua, akakifunga. Mikono ilikuwa mikavu sasa na kilitii kila mara.

“Chandeee!”

Sauti ilitoka ng'ambo. Mtu alikuwa amesimama ukingoni, viganja ameviweka mdomoni, na kwa umbali ule hakutambulikana. Tuneya akamshika mumewe mkono. Upepo ukapita juu ya maji. Chande akasimama, kisu kimefunguka nusu, akangoja asikie kama jina lake limeishia hapo au litafuatwa na Nyamafu.