Baba Aliyeangukia Kundi la Mama

Jumanne, saa nne asubuhi. Manyunyu ya Julai yalikuwa yakianguka Kayole tangu alfajiri, na baridi ilikuwa imepanda hadi ghorofa ya tatu. Mativo alikuwa amesimama katikati ya chumba, vifungo vya shati vimefunguliwa, binti yake amelala kifuani mwake ngozi kwa ngozi. Mtoto alikuwa na kofia, soksi na nepi tu. Kitambaa kipana kiliwafunga pamoja, na koti likawafunika wote wawili.

Wavinya, mkewe, alikuwa dirishani akizitazama nguo zilizokataa kukauka.

"Sista Sally yuko langoni," alisema.

"Leo ni Jumanne. Yeye huja Alhamisi."

"Basi shuka umwambie arudi. Nipe mama mkwe, haraka."

Mama mkwe alikuwa mtoto. Aliitwa Nzisa, jina la mama yake Mativo, kwa hiyo Mativo alimwita binti yake Mama, na Wavinya akamtania kwa cheo alichostahili. Mativo alifungua kitambaa na kumtoa taratibu. Nzisa alikunja uso. Hakupenda kuhamishwa.

Nzisa alikuwa amezaliwa kabla ya wakati, kwa upasuaji. Hospitalini wazazi wake walikubali kujiunga na utafiti uliotaka kujua jambo moja: je, mtoto njiti huongeza uzito upesi zaidi baba naye akifunzwa kumbeba kifuani, kuliko pale anapofunzwa mama peke yake? Kila familia iliangukia kundi lake kwa kura. Mativo na Wavinya waliangukia kundi la mama. Wavinya alifunzwa. Mativo alipongezwa na kuombwa asaidie kazi za nyumbani.

Alisaidia. Alikuwa karani wa stoo huko Industrial Area, na alikuwa ameunganisha likizo ya ubaba na ile ya mwaka. Lakini baada ya muda mfupi nyumbani, mshono wa Wavinya ulianza kuuma. Akimfunga mtoto kwa saa nyingi, maumivu yalimzidi. Mativo alimwomba msaada Bedan, jirani wa mlango unaotazamana na wao. Bedan alikuwa fundi wa makochi Kariobangi, na mwanawe Kim alikuwa njiti pia. Bedan aliangukia kundi la baba. Alimfunza Mativo juu ya paa, kati ya kamba za nguo, huku wanawake wakianika na kuuliza, "Baba Nzisa, huyo kuku umemwiba wapi?"

Tangu siku hiyo Nzisa alianza kunenepa. Tangu siku hiyo pia, wazazi wake walianza kumficha Sally, muuguzi wa utafiti, ukweli. Waliamini kwamba akijua, atawaondoa katika utafiti, na mizani yake haitapanda tena ngazi zile. Walikuwa tayari kukosa mengine yote. Mizani ndiyo iliyowapa usingizi.

Sally aliingia, akafuta viatu, akanawa mikono. Alieleza kwamba Alhamisi ana mkutano. Kisha akaweka mizani mezani, akaikagua, na kumlaza mtoto.

"Kilo mbili na gramu mia nne," alisema. "Mama Nzisa, kifua chako kinafanya kazi."

"Ni Mungu," Wavinya alisema, akiangalia sakafu. Jibu lilikuwa la kweli, lakini halikuwa kamili.

"Hebu mfunge nione."

Wavinya alimpokea mtoto. Alipoinama kuchukua kitambaa, alishika ukingo wa kitanda na kuvuta pumzi kwa meno. Sally aliona. Kabla hajauliza, mlango uligongwa na Bedan akaingia bila kungoja, koti lake limevimba mbele, kofia ndogo ya Kim ikichungulia chini ya kidevu.

"Niaje, Baba Nzisa. Mbona leo umefunga vifungo kama pasta wa kanisa?" Kisha akamwona mgeni. "Ah, Sista. Ni vizuri umekuja. Nilitaka uone kitu."

Alichomoa mfukoni kitambaa cha kahawia kilichoshonwa pindo safi.

"Nimebuni mwenyewe. Hiki hakilegei kama leso. Nimeshona vinne. Changu, cha Willis wa chini, cha yule dereva wa ghorofa ya kwanza, na cha huyu."

"Cha huyu?" Sally aliuliza.

"Mwanafunzi wangu wa kwanza. Siku ya kwanza alimshika mtoto kama trei ya mayai. Sasa hata vyombo anaosha naye kifuani."

Hakuna aliyecheka. Bedan alimtazama Mativo, akamtazama Wavinya.

"Nimesema nini?"

Sally aliiweka kalamu mezani. "Baba Kim, tulikuomba usiwafunze wengine mpaka utafiti uishe."

"Mliniomba, sikatai. Lakini Sista, jirani akija kuomba chumvi nimwambie angoje utafiti uishe?"

"Kosa ni langu," Mativo alisema. "Mimi ndiye niliyemwendea. Ukitaka kutuondoa, tuondoe. Naomba tu utuambie tutampima wapi bila kumkalisha kwenye foleni na watu wanaokohoa."

"Usimsikilize," Wavinya alisema. "Ni mshono wangu. Sikuweza kumbeba."

Sally alimgeukia. "Tangu lini?"

"Kama wiki tatu."

"Wiki tatu. Na kila nikikuuliza hali, unaniambia ni salama."

"Ningekwambia siwezi kumbeba, ungeuliza anabebwa na nani."

Sally aliomba kuuona mshono. Wanaume wawili waligeukia ukuta. Bedan alitangaza kwamba rangi ilikuwa nzuri, na Mativo akamwomba anyamaze. Sally alichunguza, akagusa pembeni kwa kidole chenye glavu, akapima joto.

"Hakuna homa. Lakini hapa pembeni pamekuwa pekundu, na nadhani kuna uzi uliobaki. Paonwe leo. Si kesho."

Kisha alikaa kwenye stuli na kuwatazama wote.

"Nani aliwaambia kwamba baba amekatazwa kumbeba mtoto wake?"

"Tuliangukia kundi la mama," Mativo alisema.

"Kundi linaonyesha tutamfunza nani. Halisemi mtoto abebwe na nani. Na mama akiugua, ni wajibu wangu kumwonyesha mtu mwingine, awe baba, awe shangazi. Ningekuonyesha wiki ile ile."

Mativo alikaa kitandani. "Kwa hiyo tumejificha bure."

"Si bure. Mmenidanganya, na mimi nimeandika. Mngeendelea hivi, tungesema kifua cha mama peke yake kimetosha. Halafu mama mmoja kule Mukuru angeachiwa mzigo wote, mshono ukimuuma, kwa sababu ya jibu lililotoka humu ndani."

Wavinya alifikiri kidogo. "Sasa tutahamia kundi la baba?"

"Hapana. Mtabaki mlipoangukia, mtahesabiwa hapo hapo, na nitaandika yaliyotokea kweli. Alhamisi za mbele nitakuja kama kawaida."

Wavinya alifuta macho kwa kona ya leso, kisha akasema ni baridi. Mativo alianza kufungua vifungo vya shati.

"Na mimi?" Bedan aliuliza. "Nimeharibu?"

"Umeharibu kiasi. Hao baba wengine, watoto wao wanaendeleaje?"

"Wanafura kama mandazi."

Sally aliinama juu ya karatasi zake mpaka uso ulipotulia. Kisha akakivuta kile kitambaa cha kahawia, akakiinua kuelekea dirishani.

"Hiki hakipitishi hewa."

"Sista, hicho ni cha makochi. Kimekaliwa na wanaume wa kilo mia."

"Nzisa hana kilo mia. Tumia pamba. Na shingo iwe hivi, pua iwe wazi." Mativo alimweka Nzisa kifuani kama alivyozoea, na Sally akakisogeza kidevu cha mtoto kidogo. "Hapo ulikuwa unamkunja. Hukumuumiza, lakini si sawa."

"Mwalimu hakuniambia," Mativo alisema.

"Mwalimu alifunzwa kwa nusu saa," Bedan alijitetea. "Mlitarajia nini?"

Wavinya alikwenda kliniki kabla ya saa sita, akisindikizwa na mke wa Bedan. Uzi ulitolewa, akapewa dawa za siku saba. Sally alimpigia simu daktari anayesimamia utafiti, akamweleza bila kupunguza, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akashuka kwa Willis kuikagua shingo ya mtoto mwingine. Bedan alivikusanya vitambaa vyote vinne, akavifumua, akashona vipya vya pamba jioni hiyo. Mativo aliosha vyombo, akapika ugali, akampelekea mkewe chai kitandani aliporudi. Nzisa alilala kifuani kwake muda wote huo, na aliamka kwa kunyonya tu.