Namba Kumi na Saba ya Fundi Bomba

Kila Jumapili, misa ya saa tatu ikiisha, Filomena Iandolo huvuka barabara ya Bloomfield, mjini Newark, na kuingia kwa Nunzio muuza nyama ya nguruwe kununua ratili mbili za soseji yenye shamari. Mlangoni kuna mashine nyekundu inayotoa vikaratasi vya namba. Watu wa mtaa humwachia kumi na sita, kwa sababu nyuma yake husimama mumewe, Gaetano, mwenye kumi na saba. Mashine ikitoa kumi na saba nyingine, mteja huitupa na kuvuta inayofuata.

Namba yake Gaetano aliichukua mwaka 1983, na sasa imekuwa laini kama kitambaa. Jumapili hiyo mkewe alimtuma soseji. Hakurudi, wala mwili haukuonekana. Wiki iliyofuata marehemu alikuja dukani, akasimama kwenye foleni, na tangu hapo hajakosa.

"Gaetano, miguu hiyo bwana!" alisema Nunzio Jumapili moja ya mwezi wa kumi, akimtandikia gazeti sakafuni. "Nimepiga deki sasa hivi."

"Samahani," alisema Gaetano. Viatu vyake vilikuwa na matope ya kinamasi cha nje ya mji, kama kawaida.

Filomena hakuja kwa soseji peke yake siku hiyo. Alikuja na mkoba wa kanisani, na ndani ya mkoba alikuwa na nusu ya picha ya harusi.

Nusu ya pili ilikuwa ukutani. Televisheni ilipoanza kuonyesha mchezo wa Familia ya Morabella, genge la wahalifu la mtaa kama huu, ambao nchi nzima iliacha kula ili iutazame, Nunzio alibandika ngazi ya vyeo vya familia hiyo. Juu bosi. Chini yake naibu wa bosi, pembeni mshauri, halafu makapteni watatu, halafu askari wanane. Chini ya kila mwigizaji alibandika mtu wa mtaa ambaye mhusika huyo alitokana naye. Marehemu Carluccio kinyozi, ambaye maisha yake yote hakuvuka uaskari, televisheni ilimfanya kapteni. Tangu hapo anakuja dukani na koti jipya na haitikii salamu ya kwanza.

Chini kabisa, jirani na mashine ya kukatia nyama, kulikuwa na msaliti, yule aliyewauza wenzake kwa makachero wa serikali. Na chini ya mwigizaji wake, Gaetano, na ua la harusi kifuani.

"Uliniambia ni ukuta wa wateja wa zamani," alisema Filomena.

"Si ni mteja wa zamani, shangazi?" alisema Nunzio. "Huyo hapo, bado yuko kwenye foleni."

"Ukanikata mimi."

"Fremu ilikuwa nyembamba."

"Nitolee picha ya mume wangu, Nunzio. Kanisani benchi langu sasa naweza kulala nikajinyoosha. Hakuna anayekaa."

Nunzio alifuta kisu kwenye aproni. "Mwulize mjomba Attilio. Waandishi wa televisheni walimfuata yeye."

Attilio Grasso, mwenye miaka themanini na mbili, alikuwa amekaa chini ya picha ya bosi, akinywa kahawa. Ndiye mtu ambaye bosi wa televisheni alitokana naye. Jumapili huwasainia picha watalii wanaoletwa na basi saa tano.

"Attilio," alisema Filomena, "mume wangu alimuuza nani?"

"Mwulize mwenyewe. Ana mdomo."

Foleni ikageuka. Gaetano alikohoa kidogo, kama mtu asiyependa kuwachelewesha wenzake.

"Mimi nilikuwa fundi bomba," alisema. "Sinki la Attilio liliziba, nikaenda kulizibua. Nikamkuta jikoni anakunywa kahawa na makachero wawili. Alikuwa anawatajia majina, nao wanaandika. Nikazibua, nikaondoka. Jumapili nilikuwa hapa, zamu yangu inakaribia, akaja akaniambia nje kuna bomba limepasuka. Nikaenda kulitazama."

Mteja mmoja akaendelea kuchagua jibini.

"Ni kweli," alisema Attilio. "Na lile sinki ulilizibua vizuri sana. Mpaka leo."

"Ahsante."

"Wale waandishi walinibana, Filomena. Msaliti ni nani, msaliti ni nani. Ningejitaja mimi, bosi angekuwa nani? Carluccio?"

Watu wawili watatu walicheka. Carluccio akatengeneza kola ya koti lake.

"Basi mmesikia," Filomena aliwaambia wenye foleni.

"Tumesikia, mama," alisema mwanamke mwenye namba ishirini. "Si tulikuwa tunajua?"

"Shangazi, sikia," alisema Nunzio kwa upole. "Basi linafika sasa hivi. Hawa watu wametoka mbali, na kwenye televisheni ni Gaetano. Nitawaambia nini?"

Filomena alifungua mkoba. Akachukua utepe wa gundi ambao Nunzio hufungia nyama, akakata kipande kwa meno, akaibandika nusu yake ya picha palipokuwa pake, akiwa msichana wa miaka ishirini na mbili mwenye shela. Mikono miwili iliyokatwa ikakutana kwenye kiwiko.

Watalii wakaingia. Mmoja alimtazama Gaetano, akatazama ukuta, akamwomba wapige picha pamoja. Gaetano alikubali, hakuwahi kuwa mtu wa kukataa.

"Na huyu bibi harusi ana cheo gani?" aliuliza mtalii.

"Mke wa msaliti," alisema Nunzio. Halafu akaita, "Kumi na sita!"

Kama kila Jumapili, Attilio aliweka kikombe chini, akavaa kofia. "Fundi, hebu toka nje kidogo. Kuna bomba."

"Nishikie," Gaetano alimwambia mkewe, akimpa kikaratasi. "Narudi sasa hivi."

Walitoka pamoja, kijana wa miaka thelathini na minne akimshikia mzee mlango. Filomena alinunua ratili zake mbili, lakini hakuondoka.

"Kumi na saba!" aliita Nunzio, na kama desturi yake akavuta pumzi ya kuita kumi na nane.

"Nipo," alisema Filomena.

Nunzio alimtazama, akachukua karatasi. "Kiasi gani?"

"Ratili mbili. Yenye shamari."

Nyumbani alizipika ratili zote nne saa nane, kwenye mchuzi wa nyanya, akaandaa sahani mbili, akala ya kwake.

Jumapili iliyofuata ngazi ilikuwa palepale. Nunzio alikuwa ameitia plastiki nusu ya Filomena na kuandika chini yake, kwa wino mwekundu, Mke wa Msaliti. Gaetano aliingia na matope, akavuta namba kwenye mashine, ikamtolea kumi na saba mpya, ngumu, yenye kingo kali. Alisimama nyuma ya mkewe. Upande wa pili wa duka, chini ya bosi, Attilio alikuwa ameshaanza kuvaa kofia.