Bakuli la Dirisha la Tatu

Nyinyi wasichana mnaokuja Jeddah, na nyinyi kina mama mnaowatuma, kula vizuri huku hakuhitaji pesa nyingi. Ful, yale maharagwe ya kupondwa, na mkate wa tamisi wa moto hushibisha watu wawili. Wali wa Wayemeni mnaagiza sinia moja mnakula watatu, na mchuzi wanawaongeza bure. Samaki nendeni soko likikaribia kufungwa. Hayo yote nimekula miaka tisa na tumbo langu halijauma. Ninachowaonya ni chakula kimoja tu, kile kinachoshushwa kwa kamba kule Balad. Mkikiona, piteni.

Mimi ni Eucabeth, lakini mtaani kwangu Bani Malik wananijua kama Mama Terry. Mchana nafanya usafi kwa nyumba za watu, jioni narudi chumbani kwangu. Terry ni binti yangu, ana miaka ishirini na miwili. Alikuwa Riyadh kwa madam mmoja, mkataba ukaisha, akaja kukaa nami akingoja kafili mpya, yaani mwajiri, amtengenezee ikama, kile kibali cha kuishi huku. Na Terry alikuwa mlaji. Akimaliza chapati tano anauliza, "Mama, zingine uliweka wapi?"

Ijumaa ndiyo siku yangu ya kupumzika, basi Ijumaa moja alasiri tukaenda Balad kutembea. Ni Jeddah ya zamani ile, nyumba ndefu za mawe ya baharini, na madirisha ya mbao yametokeza nje ya ukuta kama makabati. Nyingi zinakarabatiwa. Terry alikuwa anatafuna chapati tuliyobeba. Tukaingia kichochoro kimoja nyuma ya maduka ya vitambaa, na kikapu kikashuka mbele yetu, polepole, kutoka dirisha la ghorofa ya tatu. Ndani kulikuwa na bakuli la bati, jeupe, ukingo wa buluu, na mvuke unatoka.

"Kuli, ya binti, kuli," sauti ya mwanamke mzee ikasema juu. Kula, binti, kula.

"Mama, chakula cha bure!"

"Usiguse. Unamjua?"

"Ni sadaka. Hawa watu si hupeana chakula kila siku? Wewe hata baraka ikikuja unaiuliza kitambulisho."

Nikacheka. Na ni kweli hupeana, mwezi wa Ramadhani sisi Wakristo pia tumekaa chini na kula nao njiani. Tukala. Wali na mbuzi, nyama inaachana na mfupa yenyewe. Sijawahi kula mzuri hivyo.

Sasa sikieni kosa langu. Kwetu Kisii chombo cha jirani hakirudi kikiwa kitupu. Akikuletea mboga, bakuli linarudi na ndizi, na mayai mawili, na chochote. Mama yangu angenichapa. Kwa hivyo nikamwambia Terry, "Weka kitu."

"Nina hii chapati tu, na nishaiuma."

"Weka hiyo hiyo. Mzee hataona."

Akaiweka. Kikapu kikapanda. Hatukusikia asante.

Kesho yake nikapika chapati. Terry akauma, akatema kwenye kiganja. "Mama, umeweka nini? Ni kama natafuna karatasi." Nikaonja, ziko sawa. Nikafikiri ni homa.

Ijumaa iliyofuata ni yeye aliyenivuta mkono. Kikapu kikashuka mahali palepale. Safari hii ndani ya bakuli kulikuwa na ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga iliyolazwa kwa maziwa, chungu kidogo kwa mbali, kama ya kwetu kabisa. Watu wangu, chinsaga nimeitafuta Jeddah miaka tisa. Nani alimwambia yule mama kabila letu? Mimi sikula. Terry alilamba mpaka bakuli likang'aa, kisha akaweka ndizi aliyokuwa amekula nusu. Jumatatu nilimpa ndizi, akatapika.

Baadaye ikawa chai. Terry alimimina ndani ya bakuli ile iliyobaki kwenye kikombe chake cha karatasi. Tangu siku hiyo chai kwake ni maji ya moto. Hapo ndipo nilielewa. Kitu kikitoka mdomoni mwa mtoto wangu kikapanda na lile bakuli, hakirudi tena mdomoni mwake.

Nikaenda kumuona Justus. Justus ni mlinzi, mtu wa Kakamega, analinda mahali pa ujenzi ng'ambo ya kile kichochoro. Nikamwonyesha dirisha.

"Hiyo?" akacheka. "Mama Terry, hiyo nyumba ni ukuta wa mbele tu. Njoo uone, usije ukaniambia Mluhya amekudanganya."

Akanizungusha nyuma. Tukachungulia kwenye pengo la mabati. Hakuna sakafu. Hakuna ngazi. Ni kifusi chini, na mbingu juu. Lile dirisha limeshikilia ukuta likiwa peke yake, na nyuma yake ni hewa.

"Sasa kikapu kinashushwa na nani?" nikamuuliza.

Justus akaacha kucheka. "Mimi husikia harufu ya vitunguu vikikaangwa saa kumi," akasema. "Nilidhani ni majirani." Akageuka akaangalia nyumba za pande zote mbili. Zote zilikuwa zimefungwa kwa minyororo. "Dada, huyo msichana usimlete tena huku."

Nikamkataza Terry. Akaniapia: "Halas, basi, mama, siendi." Lakini nyumbani hakuwa anakula vizuri, na shingo yake ilianza kuwa nyembamba. Mimi nikajifanya mjanja. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilikuwa namwaga mkoba wake, natoa hata peremende, ili akienda kwa siri asiwe na kitu cha kuweka kwenye bakuli.

Jumanne moja madam aliniachilia mapema. Nikakuta chumba kitupu. Nikashika teksi mpaka Balad, nikakimbia kile kichochoro na viatu mkononi. Terry alikuwa amesimama chini ya dirisha, midomo inang'aa mafuta, bakuli tupu mikononi. Kikapu kinangoja. Nilimwona anapekua mkoba. Akapekua mifuko. Hakuna kitu. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Kisha akainua bakuli mpaka mdomoni, akasema kitu ndani yake. Neno moja, polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto. Akalifunika kwa kiganja, akaliweka kikapuni.

"Terry! Toa hiyo!"

Kikapu hakikupanda polepole safari hii. Kiliruka.

Nikamshika mabega. "Umesema nini mle?"

"Sikuwa na kitu cha kuweka." Alikuwa analia. "Na bakuli halirudi tupu. Si wewe ulinifunza?"

"Neno gani, Terry?"

Akafungua mdomo, akaufunga. Nadhani alijaribu.

Usiku huo huo tulipanda basi la Riyadh. Tulifikia mtaa wa Batha, kwa binamu yangu Rispah, ambaye ana chumba juu ya duka la simu. Nikaanza kumpima. Nilipika wali, akala. Nikapika ugali, nyama, mayai, maharagwe, samaki, mtama. Kila siku kitu kipya, nimekaa mbele yake naangalia koo lake kama daktari. Alikula vyote. Mashavu yakarudi. Rispah akawa ananicheka: "Mtoto anamaliza sufuria na wewe unapangusa machozi! Ni unga wangu unalilia?" Chapati, ndizi na chai tu ndizo zilizokataa, na bila hizo mtu anaishi. Nikasema tumepona.

Halafu Alhamisi, tukimenya viazi, Rispah akauliza, "Kwani mlikosana?"

"Na nani?"

"Na Terry. Mimi ananiita anti kutwa nzima. Wewe hakuiti."

Nikamsikiliza siku hiyo yote. Nikitakiwa jikoni, anakuja ananigusa bega. Akiamka anasema habari ya asubuhi, basi. Jioni nikamkalisha kitandani.

"Terry, mimi ni nani wako?"

"Wewe ndiye ulinizaa."

"Basi niite."

Midomo yake ikakutana, ikakaa hivyo. Nilingoja. Ikaachana bila sauti. Akaniangalia kwa adabu, mikono imefungwa mapajani, vile msichana humwangalia mwenye nyumba siku ya kwanza ya kazi.

"Samahani, madam," akasema. "Unapenda uitwe nani?"

Ndiyo sababu naandika. Mkipita Balad saa kumi na kikapu kikishuka, msisimame. Kama mmeshakula, rudisheni bakuli tupu kabisa, mwacheni yule mzee awaite watu wasio na adabu. Na msimfundishe mtoto heshima bila kumwambia pia mahali inapoishia.

Mimi kesho nachukua basi kurudi Jeddah. Nitasimama pale chini, nile chochote kitakachoshuka, niombe lile neno langu lirudi. Terry anabaki kwa Rispah. Anakula vizuri.