Mstari wa Boti ya Wagonjwa

Miaka tisa Tahiri alimbebea mheshimiwa mbunge mkoba, akampangia mikutano, akawaonyesha akina mama pa kupiga vigelegele. Darasa lake la saba lilimtosha. Alipomzika mkewe Nasra, kazi ile ikamtoka moyoni. Akarudi Kibiti, akaanzisha kipindi chake cha kurekodi kwa simu: kila Ijumaa baada ya swala, dakika kumi za siasa na mila za Rufiji, na wakubwa wote wanasemwa. Kuanzia Mkongo hadi Salale watu walikuwa wakikitumiana.

Ijumaa hii alivuka hadi Mbuchi kwa shemeji yake Mwanahawa, dada wa marehemu, ambaye ndiye huandika risala za kijiji akija mgeni rasmi.

"Karibu, mheshimiwa wa simu," alisema Mwanahawa, anapeta mchele, hata hakuinuka. "Leo unamsema nani?"

"Wote, shemeji." Tahiri akaanza kurekodi. "Waeleze watu. Nasra kashikwa na uchungu hapa kwenu, mmempakia kwenye mtumbwi, maji yakapwa, mkakwama topeni mpaka akafa. Boti ya wagonjwa ilikuwa wapi?"

"Haikuombwa."

"Haikuombwaje? Kijiji kizima kililia!"

"Tulilia majumbani. Kwenye risala haikuwemo." Akaweka ungo chini. "Mstari wa nne, niliuandika kwa mkono wangu. Ukanijia asubuhi, mgeni hajafika, ukasema lete nione. Ukaukata."

Tahiri akazima simu. Kukagua risala ilikuwa kazi yake. Shukrani anaziacha, malalamiko anayaondoa.

"Mimi nilikuwa mtu wa kutumwa, Mwanahawa. Wakubwa ndio..."

"Mkubwa yupi? Mtaje."

Akalitafuta jina, hakulipata. Siku ile mheshimiwa alikuwa bado njiani, mstari wenyewe hakuuona. Ni yeye Tahiri aliyeona siku imependeza, ngoma zimejipanga, boti itaombwa mwakani. Mwaka huo Nasra hakuufikia.

"Wangekuwa watu wa kuambiwa ukweli, nisingeogopa," alisema. "Siwasamehe."

"Usiwasamehe. Hata mimi sijawasamehe. Lakini na hilo la mstari liseme."

Akawasha tena. Mtu aliyezoea kumwaga maneno, leo yalimtoka moja moja: mstari wa boti niliukata mimi, wala sikutumwa. Akautuma ujumbe haraka, asije akajirudi.

Majibu hayakukawia. Wengine matusi, mmoja akamwombea dua. Kisha akaandika Abdalah wa Salale, aliyekuwa akimsifu kila wiki: "Kaka, na sisi risala yetu uliipitia wewe. Tuliomba kisima. Na chenyewe ulikikata?"

Mwanahawa alikuwa akisoma begani kwake. "Mjibu mwenzio."

Tahiri alijaribu kuikumbuka risala ya Salale. Zilikuwa nyingi mno. Alikumbuka pilau, akakumbuka mahema. Kisima hakukikumbuka.