Pitha za Kwenda Nkowe

"Mwezi wa redio si mwezi wangu!" Mzee akapiga meza. "Leo tunafunga, na hakitoki kitu cha Idi humu ndani!"

"Baba Zulfa, pitha zimeshaingia kwenye shira!" Mama naye kapandisha sauti. "Zikikaa mpaka kesho nitampa nani? Kuku?"

"Nani alikutuma uzichovye?"

"Redio ilitangaza! Ningejuaje msikitini kwenu mtaukataa?"

Mimi niko kwenye mkeka. Tangu nimalize fomu foo kazi yangu ni kusikiliza ugomvi wao tu, ila huu ulinigusa.

Pitha, hivi vitafunio vya kwao, mama alifundishwa na mke wa daktari wa Kibangladeshi, walipanga nyumba ya jirani hapa Nachingwea. Unakanda unga wa mchele, unachora maua kwa mwiba wa mlimau, unakaanga, unatia kwenye debe. Hapo zinakaa hata mwezi. Sikukuu ikifika unakaanga tena, unachovya kwenye shira, zinaliwa zikiwa bado zinalia kachakacha. Ila ukishachovya ndo basi. Kesho yake zimelegea, maua huyaoni.

Mama alichora Ramadhani nzima. Zilikuwa za dada yangu Zulfa, kaolewa Nkowe, na hii ndo Idi yake ya kwanza ukweni. Mama mkwe wake ameshasema mbele za watu kwamba wamepewa binti asiye na mkono wa jikoni, na kwamba kwao binti haijawahi kutoka hata sahani moja ya zawadi.

"Kule wanafuata redio," nikasema. "Leo Nkowe ni Idi."

Mzee akanigeukia. "Na wewe Faridi umehamia huko?"

"Nimefunga, mzee. Hii ndoo naipeleka tu."

"Upite sokoni na ndoo ya Idi, wenzangu wanakuona? Watasema kwa Bashiri kuna miezi miwili!"

Na kweli ipo. Nikamwangalia vizuri, nikaona hana hasira kiasi hicho, ana aibu. Yeye ndiye aliyesimama msikitini akasema mwezi haujaonekana. Mtu akishasema mbele ya watu, mpaka jiko lake linakuwa la watu. Mama naye anaogopa maneno ya Nkowe. Wote wanaogopa midomo, lakini atakayekaa mbele ya hiyo midomo leo, wageni wakimtazama mikono, ni Zulfa peke yake.

Nikainua ndoo.

"Weka chini."

"Lori la Ruangwa la kunifikisha Nkowe linaondoka sasa hivi, mzee."

"Ukivuka hapo, kesho usinipe mkono wa Idi."

Hilo lilinikata. Mama anakaza mfuniko wa ndoo mkononi mwangu bila kututazama.

"Nitakupa, mzee," nikasema. "Ukiukataa, utakuwa umeukataa wewe."

Nikatoka na ndoo, nikaurudishia mlango taratibu.