Magharibi ya Pichani

Ukutani, mbele ya kitanda cha mume wangu pale hospitali ya Houston, palikuwa na picha kubwa ya mashambani Urusi. Nderitu, muuguzi kutoka Kenya, ndiye aliyetusomea maandishi yake: jioni kijijini. Mto mwembamba, miti ya magome meupe, nyumba za mbao, mwanamke anarudisha ng'ombe. Jua limebakia kama ukucha juu ya shamba, na mbingu yote rangi ya zafarani. Dirishani kwetu tuliona maegesho ya magari tu.

Kiharusi kilikuwa kimemchanganya Abdulhafidh. Tangu aione picha ile alishikilia kwamba ni Ramadhani, naye amefunga. Kila nikimpelekea kijiko cha uji, alifumba mdomo.

"Ramadhani ilikwisha zamani," nikamwambia. "Na mgonjwa hafungi."

"Mgonjwa nani? Ngoja jua litue, Bi Hasina. Toka ujana wako huna subira."

Daktari alisema asipokula mpaka kesho watampitishia mpira wa chakula puani, na mwili wake huenda usistahimili.

Mwanangu Abdulsamad akaja na teksi yake, hata nyumbani hakupitia. Akasimama kando ya kitanda, akaadhini magharibi kwa sauti ya chini. Baba yake akamsikiliza hadi mwisho.

"Nani kamfanya huyu muadhini?" akaniuliza, akiielekezea kidole picha. "Jua lile pale. Atawafuturisha watu mchana."

Abdulsamad akacheka, kisha akatoka chumbani. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Picha ilikazwa ukutani kwa skrubu, haitoki. Nderitu alikuwa amemaliza zamu, koti amekwisha kulivaa. Hata hivyo alitafuta shuka, akapanda kiti, akaifunika.

"Sasa Mzee, giza limeingia. Kula kidogo."

Abdulhafidh aliitazama ile shuka. "Wingu hilo, mwanangu. Likifunga wingu, mtu hungoja mpaka awe na yakini."

Nderitu akanigeukia. "Mama, nimeharibu?"

"Hukuharibu, baba. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni, tuliposoma Kurani."

Tukangoja. Midomo ya Abdulhafidh ilikuwa imekauka, akaanza kuhangaika, anashika vyuma vya kitanda, anatafuta jua huku na huku. Sikustahimili kumwona vile. Nikamwomba Nderitu aifunue. Jua likatokea palepale lilipokuwa, na uso wa mume wangu ukatulia.

"Limekaribia," akasema. "Dua ya aliyefunga hairudi. Inua mikono uombe."

Nikaweka uji chini, nikainua mikono. Niliomba jambo moja tu, jua lile lizame. Yeye aliomba kwa sauti, polepole. Akawataja watoto wetu wote, akamtaja na Nderitu, akamwombea na yule mwanamke afikishe ng'ombe wake nyumbani kabla ya giza.